Anayelalamika bei bado ananunua, wa kumuogopa ni yule aliyeacha kupanga

Mwezi wa sita 2022 Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani kilitoa namba yake ya kila mwezi ya jinsi wananchi wanavyouona uchumi, namba ikasoma 50. Ya chini kabisa tangu waanze kupima mpaka wakati huo. Chini kuliko 2008 mabenki yanaanguka na watu wanatolewa kwenye nyumba zao, chini kuliko 1980, chini kuliko mwezi wa nne 2020 ambapo corona imewafungia watu ndani na hakuna anayejua ataamka na kazi au la. Ukiisoma hiyo namba bila kuchungulia dirishani ungesema basi tena, mwezi ujao maduka yanafungwa.

Ila ungechungulia ungekuta viwanja vya ndege vimefurika mpaka mabegi yanapotea, mahoteli yamejaa, waajiri wanalia hawapati watu, ukosefu wa ajira uko asilimia 3.6 ambayo kwa wenzetu ni kama hakuna. Watu wamenuna, na wananunua. Wachumi wakaanza kukuna vichwa, wengine wakasema wananchi hawajielewi, wengine wakasema ni mitandao inawajaza ujinga.

Mimi nadhani wananchi walijielewa vizuri tu, tatizo liko kwenye kile walichoulizwa. Hizi namba za imani ya walaji zinaweka kwenye kapu moja watu wawili tofauti, yule anayelalamika bei na yule anayeiogopa kesho. Wa kwanza anakutukana huku anatoa hela mfukoni. Wa pili hasemi kitu, anakunja noti anairudisha, na huyo ndiye anayeua biashara. Na kwa sisi Watanzania hili jambo halihitaji profesa, tulishaliishi, tena tukalipa jina wenyewe: vyuma vimekaza.

Ngoja kwanza nieleze hiyo namba inapikwaje maana wengi wanaitaja tu. Mwanzilishi wake anaitwa George Katona, mzaliwa wa Hungary, msaikolojia aliyehamia Marekani, akaanza kufanya huu uchunguzi mwaka 1946. Wakati ule wachumi wengi walikuwa na wasiwasi kwamba vita imeisha, viwanda vya silaha vinafungwa, uchumi utadondoka kama miaka ya 1930. Katona yeye akaenda kuwauliza watu majumbani mnapanga nini, akakuta watu wana hamu ya kununua magari, majokofu, nyumba, na kweli ndicho kilichotokea. Hoja yake ilikuwa nyepesi na mpaka leo haijazeeka: ili mtu anunue anahitaji vitu viwili, uwezo na utayari. Uwezo unauona kwenye slipu ya mshahara. Utayari huuoni popote, inabidi umuulize.

Kwahiyo wanauliza maswali matano. Hali yako ya hela ukilinganisha na mwaka jana ikoje, mwaka ujao unaionaje, biashara nchini kwa miezi 12 ijayo zitakuwaje, kwa miaka mitano je, na la mwisho ambalo mimi ndio nalipenda kuliko yote, je huu ni wakati mzuri wa kununua vitu vikubwa vya ndani kama friji, makochi, jiko, televisheni? Wanachukua asilimia ya waliojibu vizuri wanatoa ya waliojibu vibaya wanaongeza 100, wanajumlisha, wanalinganisha na mwaka 1966. Hakuna uchawi.

Sasa angalia kitu hiki. Kuna taasisi nyingine ya Wamarekani inaitwa Conference Board nayo ina kipimo chake cha imani, cha tangu 1967, na mwaka wa kulinganishia ni 1985 ambao ndio 100. Mwezi ule ule wa sita 2022, nchi ile ile, raia wale wale, kipimo hiki kilikuwa kinacheza kwenye 98 hivi, yaani kawaida tu. Mmoja anasema hatujawahi kuwa na hali mbaya namna hii tangu vita ya pili ya dunia, mwenzake anasema mbona tuko sawa. Tofauti yao kubwa ni kwamba Michigan inagusa sana mfuko wako na bei za vitu, na mwezi ule mfumuko wa bei Marekani uligonga asilimia 9.1, lazima mtu atukane. Conference Board inauliza zaidi habari za kazi, kazi zipo au hazipatikani, na kazi zilikuwepo kibao. Ukimuuliza mtu kuhusu bei ya mayai ana hasira, ukimuuliza kuhusu kazi hana wasiwasi. Mtu mwenye hasira lakini hana wasiwasi anaendelea kununua, na juu ya hapo kaya zao zilikuwa bado zimekalia akiba ya kipindi cha corona ambayo kwa hesabu za benki kuu yao ilishavuka dola trilioni 2.

Turudi kwetu.

Kama ulikuwa unafanya biashara Tanzania kati ya 2016 na 2018 unakumbuka. Kilichokuwa kinachanganya ni kwamba bei hazikuwa tatizo kabisa. Mfumuko wa bei 2017 ulikuwa asilimia 5.3, mwaka 2018 ukashuka mpaka 3.5, namba ambazo nchi nyingine zinaziota. Ukuaji wa uchumi kwa takwimu za serikali ulikuwa unakaribia asilimia 7 kila mwaka. Ukikaa na hayo makaratasi unasema hawa watu wana raha, alafu unatoka nje kila mtu anakuambia mzunguko wa hela haupo, mwenye baa analia, mwenye hoteli analia, fundi cherehani analia, mpaka sadaka zimepungua. Yaani ni picha ya Marekani ya 2022 iliyogeuzwa juu chini. Kule bei mbaya imani ya kazi nzuri watu wananunua, huku bei nzuri kesho haieleweki watu wameshika noti.

Wengi waliosema vyuma vimekaza waliambiwa ni wapiga dili waliozibiwa mianya, na sikatai, kuna hela nyingi za ujanja ujanja zilizokuwa zinazunguka mjini zikakatika, na mtu aliyekuwa anakula kwenye semina hewa alikuwa ana mteja wake pale mtaani, anajenga Goba, anakunywa Sinza, anasomesha shule za kulipia. Hela haramu nayo hununua nyanya. Ila hiyo peke yake haielezi ilikuwaje mpaka mwalimu wa Tabora ambaye hajawahi kuona semina ya hoteli naye akaacha kununua.

Huyo mwalimu ndiye wa kumuangalia kwa makini. Mshahara wake haukupungua, ingawa pia haukupanda. Mwaka 2017 mwezi wa nne ikatoka ripoti ya uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 wakaonekana wana vyeti vya kughushi wakaondolewa. Kabla ya hapo kulikuwa na zoezi la watumishi hewa. Sasa chukulia wewe cheti chako ni halali kabisa, umesoma kwa jasho lako, lakini umekaa miezi unasubiri majina, unasikia mwenzako wa shule ya jirani katajwa, unajiuliza jina langu kwenye cheti cha kidato cha nne na la chuoni zimetofautiana herufi moja hii itakuwaje. Katika hali hiyo unaenda benki kuchukua mkopo wa miaka mitano ununue kiwanja? Thubutu. Unasubiri kwanza. Na kama wapo watumishi mamia ya maelfu nchi nzima na kila mmoja anasubiri kwanza, basi wa viwanja anasubiri, wa tofali anasubiri, fundi anasubiri, mama ntilie anayemuuzia fundi chakula site naye anasubiri. Waliofukuzwa hawafiki elfu kumi. Walioogopa ndio hatujawahi kuwahesabu.

Hapo ndipo imani inaonekana kuwa kitu kinachojitegemea, sio kivuli cha mshahara tu. Ila nisiwe muongo, uwezo nao uliguswa. Waliosoma kwa mkopo wa serikali makato yao yalitoka asilimia 8 yakaenda 15 ya mshahara baada ya sheria kubadilishwa mwishoni mwa 2016, na kwa kijana mwenye mshahara wa kawaida hiyo sio hela ndogo. Uwezo na utayari vilikatwa kwa wakati mmoja na yeyote anayekuambia anajua kila kimoja kilichangia kiasi gani muombe akuonyeshe hesabu.

Benki Kuu iliona. Ile riba wanayowakopesha mabenki ilikuwa asilimia 16, mwezi wa tatu 2017 wakaishusha mpaka 12, mwezi wa nane 9, mwaka uliofuata mwezi wa nane wakaishusha tena mpaka 7. Wakapunguza na kiasi ambacho mabenki yanatakiwa kuweka kwao kama amana. Kwa vitabu vya uchumi hapo mikopo inatakiwa imwagike. Wapi. Mikopo kwa sekta binafsi iliyokuwa inakua kwa karibu asilimia 25 mwishoni mwa 2015 ilikuwa imeshashuka mpaka asilimia 7 na kitu mwishoni mwa 2016, na 2017 inaisha ikiwa kwenye asilimia 2 hivi. Mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati, ilikuwa imepita asilimia 10, benki zinaogopa kukopesha, na mteja mzuri mwenye dhamana yake naye anaogopa kukopa. Mlango umefunguliwa lakini pande zote mbili hakuna anayeingia.

Kuna kipindi hata Rais Magufuli mwenyewe alizungumzia watu wanaoficha hela majumbani, akagusia kwamba noti zinaweza kubadilishwa. Binafsi niliona utambuzi wa ugonjwa ni sahihi ila dawa ndio imekosewa. Ni kweli hela zilikuwa zimefichwa, maana mtu asiyejua kesho kodi itakadiriwaje au akaunti yake itakuwaje huwa anaziweka karibu. Sasa ukimtishia zile alizonazo karibu unadhani atatoka kwenda kujenga gorofa? Atatafuta dola.

Nataka nikupeleke Kariakoo kidogo maana pale ndipo nilipoelewa hili jambo kuliko kwenye ripoti yoyote. Biashara ya jumla na rejareja kwetu haiendeshwi na benki, inaendeshwa na mali kauli. Kijana wa duka la Mbagala anakuja kwa muuzaji wa jumla, anachukua mzigo, hela analeta akishauza. Hakuna karatasi, kuna daftari na kuna sura. Muuzaji wa jumla naye kachukua kwa anayeagiza China, kwa kauli hivyo hivyo, na wa China naye kuna mtu kamuamini. Mnyororo wote huo umeshikiliwa na mtu mmoja kuamini kwamba Jumamosi ijayo itafanana na Jumamosi iliyopita. Alafu siku moja unasikia mazungumzo ya namna hii, nimeyasikia kwa masikio yangu:

"Mzee wangu shikamoo, leo nipe dazeni tano, Jumamosi nakuletea chako."

"Marahaba kijana wangu. Dazeni mbili, na ya keshi."

"Mzee na mimi tena?"

"Sio wewe. Hata mimi huko juu naambiwa keshi."

Hajakosa imani na kijana, ana imani naye sana, kakosa imani na mteja wa kijana ambaye hata hamjui. Na kijana naye akifika dukani kwake Mbagala na dazeni mbili badala ya tano, ile daftari ya kukopesha majirani anaifunga, anabandika karatasi ukutani mkopo kesho. Hakuna mtu kwenye huo mnyororo aliyepunguziwa kipato kwa siku hiyo. Kilichopungua ni muda ambao kila mmoja yuko tayari kusubiri hela yake. Mzigo uliokuwa unazunguka mara nne kwa mwezi unazunguka mara mbili, na hapo bado hakuna mwanatakwimu aliyeona chochote kwa sababu mali kauli haimo kwenye takwimu za mikopo za benki yoyote.

Juu ya hapo Kariakoo ilikuwa inategemea sana wageni, Wakongo, Wazambia, Wamalawi, na bajeti ya 2016 ilipoweka VAT kwenye huduma za mizigo inayopita kwenda nchi jirani wengine wakahamia bandari nyingine. Kodi hiyo ilikuja kuondolewa mwaka uliofuata. Mteja aliyekwisha zoea njia nyingine hurudi kwa mwendo wake mwenyewe.

Kitu kingine ni kodi ya nyumba. Dar wote tunajua utaratibu, unamfuata dalali, dalali anakuambia mwenye nyumba anataka ya mwaka, ukibembeleza sana miezi sita. Watu tunalalamika huu ni unyonyaji na ni kweli, ila ukiutazama kwa jicho la uchumi ni kipimo kizuri mno cha imani. Mpangaji anayetoa ya mwaka anasema mwaka mzima nitakuwa mjini na kazi yangu. Mwenye nyumba anayekomaa na ya mwaka anasema ukiikataa kesho atakuja mwingine. Kipindi vyuma vimekaza ukaanza kusikia miezi mitatu, kuna sehemu mwezi mmoja mmoja, na fremu za biashara ambazo zamani ulikuwa hupati mpaka utoe kilemba zikawa zimeandikwa namba ya simu mlangoni inapangishwa. Kilichofupika sio bei peke yake, ni umbali ambao watu wanaona mbele. Hela ya chakula ipo, ya nauli ipo, ila hakuna anayejifunga kwa miezi 12.

Ndio maana nasema kwa nchi kama zetu ukipima matumizi ya siku huoni kitu. Kaya ambayo sehemu kubwa ya hela yake inaishia kwenye unga, mafuta ya kupima na nauli haina pa kupunguza, itanunua leo na kesho hata kama imekata tamaa kabisa. Imani yao itaonekana kwenye yale mambo ya mbele: saruji ya lile pagale, ada ya mtoto kuhamia shule nyingine, ng'ombe wa kuongeza, kuingia kwenye kikoba cha hisa kubwa zaidi. Hivyo ndivyo vinavyosimama kwanza.

Kuna hoja ya kinyume na ni nzito kwahiyo siwezi kuiruka. Wachumi watatu wa Marekani, Carroll, Fuhrer na Wilcox, mwaka 1994 walipima hii imani ya walaji inabashiri matumizi kwa kiasi gani, wakakuta imani ya miezi iliyopita yenyewe peke yake inaeleza kama asilimia 14 tu ya mabadiliko ya matumizi ya kaya. Na sehemu ya hiyo 14 ni mambo ambayo ungeyajua hata bila kuuliza watu, kama mishahara na bei za hisa. Yaani imani inasema kitu lakini haisemi kikubwa kivile. Nakubali, kwa Marekani. Kule mtu ana kadi ya mkopo, ana bima ya ukosefu wa ajira, na siku ukimrahisishia ananunua hata akiwa na huzuni. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 mwezi wa tisa 2001 imani iliporomoka, kila mtu akatabiri balaa, kampuni za magari zikaja na mkopo wa riba sifuri na mwezi wa kumi ukawa moja ya miezi iliyouza magari mengi kuliko yote kwenye historia yao. Kwetu huyo mnunuzi hayupo. Kwetu asiye na uhakika hana mto wa kuangukia zaidi ya ndugu, na ndugu naye yuko kwenye hali hiyo hiyo, kwahiyo hofu inashika breki moja kwa moja.

Tatizo la pili la kuuliza watu ni siasa. Marekani siku hizi ukimuuliza mtu uchumi ukoje anakujibu chama chake. Uchaguzi wa 2016 ulipoisha Warepublican waliokuwa wanasema hali mbaya wakageuka ndani ya wiki chache wakasema nzuri, na Wademokrati wakafanya kinyume, 2020 ikageuka tena, 2024 ikageuka tena. Mishahara yao haikubadilika ndani ya hizo wiki. Kwetu shida ilikuwa ya aina nyingine. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali, na ilibidi 2019 ilegezwe. Mwaka huo huo 2019 Benki ya Dunia ilisema uchumi wetu 2018 ulikua kwa asilimia 5.2 wakati serikali inasema 7. Sitaki kuamua ugomvi huo hapa, na inawezekana kabisa serikali ilikuwa inajenga reli na kununua ndege na hayo yanahesabika kwenye ukuaji huku mfuko wa mtu wa kawaida uko vile vile. Ninachosema ni kwamba mtu akihisi jibu lake lina hatari atakuambia tunamshukuru Mungu. Hapo dodoso lako halina kazi, ndio maana napendelea kuangalia watu wamejifunga kwa muda gani kuliko wanavyosema.

Wakenya nao walipitia darasa hili 2024. Shilingi yao ilikuwa imefika karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa mwaka ikarudi mpaka 129 hivi, mfumuko wa bei mwezi wa kumi ukawa asilimia 2.7, wachumi wanapiga makofi. Wakati huo mwenye ajira anakatwa hela ya nyumba asilimia 1.5, bima mpya ya afya 2.75, NSSF imepanda, na mwezi wa sita vijana wameingia barabarani kupinga muswada wa fedha mpaka ukaondolewa. Mwisho wa mwaka mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa imeshuka chini ya sifuri, yaani sio kwamba ilikua polepole, ilipungua. Bei zimetulia na shilingi imara, lakini hakuna anayejua mwezi ujao slipu itakuwa na mstari gani mpya wa makato.

Na ukitaka ushahidi kwamba malalamiko na hofu ni vitu viwili tazama Tanzania ya 2022. Mwezi wa tano petroli Dar ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, serikali ikaanza kutoa ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi, mafuta ya kula na ngano vimepanda, kila daladala mada ni maisha yamepanda. Kelele zilikuwa nyingi kuliko 2017 kwa mbali. Sasa angalia mikopo kwa sekta binafsi: mwaka 2021 unaisha ilikuwa inakua kwa asilimia 10, 2022 inaisha imepita 22. Mwezi wa saba mshahara wa kima cha chini serikalini ukapandishwa kwa asilimia 23.3 baada ya miaka mingi. Watu wanalalamika bei kwa nguvu zote na wakati huo huo wanaingia benki kukopa ya miaka kadhaa. Aliyetumia kelele kama kipimo cha uchumi mwaka ule alikosea, kama alivyokosea aliyetumia ukimya wa bei 2017.

Kwahiyo kama kuna mtu wa Ofisi ya Takwimu anasoma hapa, msituletee dodoso la Michigan lililobadilishwa lugha tu. Swali la hali yako ikoje kwa Mtanzania jibu lake ni namshukuru Mungu au ni hali ngumu, na yote mawili ni salamu. Ulizeni umelipa kodi ya miezi mingapi na mwaka jana ulilipa ya mingapi. Ulizeni wenye maduka mwezi huu wamepewa kauli ya siku ngapi. Ulizeni wauza saruji, anayekuja kununua mifuko hamsini kwa mkupuo na anayekuja na bodaboda kuchukua miwili, nani kaongezeka. Ila mjue na mitego yake, kodi ya nyumba Dar ilishuka pia kwa sababu wizara zilianza kuhamia Dodoma kuanzia 2016, hivyo aliyekuwa anapima Dar peke yake angeona msiba na aliyekuwa Dodoma angeona harusi. Ningekuwa mimi ningeanzia Tunduma, mpakani na Zambia, pale muuzaji anapokea kwacha na shilingi kwa siku moja, anajua wateja wa pande zote mbili za mpaka wanajifunga kwa muda gani, na hana sababu ya kumpendezesha waziri wa nchi yoyote.